Chupa Nne za Chai, Mtamba Mmoja

Kabatini kwa mama yangu kuna chupa nne za chai ambazo hakuna mtu aliyezinunua. Mbili nyekundu, moja ya bluu, na moja yenye maua ambayo kifuniko chake hakijawahi kukaza vizuri. Ni zawadi zangu. Miaka minne mfululizo nilikuwa wa kwanza kwa wanawake katika mbio za mlimani za huku kwetu Lushoto, na miaka hiyo yote minne nilikabidhiwa chupa ya chai na doti ya khanga. Mwanamume wa kwanza alikabidhiwa mtamba, ng'ombe wa maziwa ambaye hajazaa bado. Khanga zimeshachakaa. Chupa zipo, na mgeni akija mama humimina chai kutoka kwenye ile ya bluu na kusema, "Hii alishinda huyu." Mgeni huitazama chupa, hunitazama mimi, kisha huomba sukari.

Watu wakisikia habari ya mtamba wangu hutegemea nikasirike. Nami ni mtu wa hasira, sijisingizii upole. Muuza mbolea wa pale sokoni anaweza kuwa shahidi. Lakini kwa jambo hili hasira haikuja. Kilichokuja ni ganzi, ile ya kukaa kwenye ardhi ya baridi asubuhi ya mwezi wa saba, ukainuka na miguu ipo lakini huisikii. Nimekaa nayo miaka mitatu sasa.

Nilikuwa nimerudi nyumbani. Kwetu mwanamke akisema hivyo haulizwi zaidi. Niliolewa Magoma, kule chini kwenye joto, nikakaa miaka sita, mwenzangu akaenda machimboni na huko huko akafungua nyumba nyingine. Nikapanda mlima na begi moja. Binti yangu, aliyekuwa na miaka mitano, nilimwacha kwa bibi yake, mama wa mume wangu. Sikumwacha kwa kupenda. Yule mama alinikalisha kwenye kigoda, akaniambia bila ukali wowote:

"Mwanangu, mimi sikunyimi mtoto. Lakini huko unakokwenda ni kwa kaka yako, utalala chumba kimoja na mama yako. Siku utakapokuwa na chako, hata kama ni ng'ombe mmoja, njoo umchukue. Mtoto ale cha mama yake, asile cha kuombewa."

Ng'ombe mmoja. Najua alisema kwa kutoa mfano tu. Mimi niliuchukua kama mkataba.

Baba yetu alishafariki, kwa hiyo nyumba ilikuwa ya kaka. Ni mkubwa kwangu kwa miaka minane, na nataka ieleweke mapema kwamba ni mtu mwema. Hajawahi kuniinulia mkono wala sauti. Nilipofika na begi langu alinipa kipande cha shamba, ngazi tatu za chini za mteremko karibu na kijito, akanisaidia hata kulima msimu wa kwanza. Nikapanda karoti na kabichi. Jioni nilikata matete kwa ajili ya mbuzi zake, nikayapandisha mlimani kichwani, na hayo ndiyo yalikuwa mazoezi yangu ya mbio. Shuleni nilikuwa nakimbia. Nilipojaribu tena nikiwa mtu mzima nilikuta miguu haijasahau.

Kitu kingine nilichotoka nacho shuleni ni mwandiko. Nilimaliza kidato cha nne, na mwandiko wangu ni wa kusifiwa; kwaya yetu hunipa kazi ya kunakili nyimbo. Kaka yeye kalamu inamtoa jasho. Kwa hiyo kila karatasi iliyoingia nyumbani niliijaza mimi: ya mbolea ya ruzuku, ya bima, ya mikutano ya kijiji. Kila karatasi ina mstari wa mkuu wa kaya, na kila mara niliandika jina la kaka. Mkono wangu ulilizoea jina hilo kiasi kwamba ungeweza kuliandika mimi nikiwa nafikiria mboga.

Mwaka wa tano nilisema sitaki chupa nyingine. Kamati ya mbio ilikuwa inakutana katika ukumbi mmoja karibu na soko, na washiriki tuliruhusiwa kuingia. Mwenyekiti alikuwa mwalimu mstaafu aliyenifundisha hesabu shule ya msingi. Nilimsalimia shikamoo, nikaomba nafasi ya kusema, nikasema tunaomba zawadi za wanawake na wanaume ziwe sawa.

"Wanaume wanakimbia kilomita ishirini na moja," mwalimu alisema. "Nyinyi mnakimbia kumi."

"Nani alitupangia hizo kumi, mwalimu?"

Alijikuna kidevu. Akawatazama wenzake mezani. Mmoja akasema ni kamati, mwingine akasema ni kamati iliyopita.

"Basi tupeni ishirini na moja," nikasema. "Tukizimaliza, tupeni mtamba."

Mzee mmoja wa kamati, mfugaji, aliuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Sasa mwanamke akipewa ng'ombe, atamfunga wapi?"

Ukumbi ukacheka. Wanawake wenzangu walicheka, na mimi mwenyewe nilicheka kidogo. Nikasema, "Mpeni kwanza. Pa kumfunga tutapatafuta." Wakacheka tena, safari hii upande wangu. Vikao vitatu baadaye walikubali: njia moja, umbali mmoja, mtamba kwa mtamba. Siku ile nilitoka ukumbini nikanunua mandazi mawili nikala njiani peke yangu, jambo ambalo silifanyi. Nilikuwa na furaha, na nilijiona mjanja.

Wiki mbili kabla ya mbio zikatoka fomu. Kwa sababu sasa kulikuwa na wanyama wawili wa kutolewa, afisa mifugo alitaka kujua watafikia wapi, kama kuna banda na majani. Chini ya jina, kijiji na umri, kamati ikaongeza mstari mmoja: mpokeaji wa mfugo na mahali utakapofungwa.

Niliijaza fomu kwenye meza ya mama, chai ikiwa pembeni. Jina langu. Kijiji chetu. Miaka thelathini na mbili. Nikafika kwenye mstari wa mwisho, nikafikiria banda. Banda lilikuwa la kaka, lile la mbuzi, lingepanuliwa kidogo. Na kwetu mnyama wa kamba akiingia uani hupokewa na mwanamume wa nyumba. Mwanamke hupokea kuku. Hakuna aliyenifundisha hilo kwa maneno. Nilikua nikiliona tu. Mkono ukaandika jina la kaka, kwa mwandiko ule mzuri, ukaandika na mahali: bandani kwake. Nikapuliza wino ukauke. Sikusita hata kidogo, na hilo ndilo nalirudia kichwani mara nyingi kuliko mbio zenyewe. Mdomo uliosema ukumbini na mkono ulioandika vyote vilikuwa vyangu.

Siku ya mbio kulikuwa na ukungu. Wanawake tulianza tisa tu, wengine walisema umbali ule ni wa kujiua. Njia ilitoka mjini, ikapanda hadi kwenye msitu wa Magamba, ikazunguka na kurudi. Pale juu msituni hakuna watu wa kushangilia, kuna baridi na matone yanayodondoka kutoka kwenye miti, na nilikimbia nikihesabu pumzi. Nilimfikiria binti yangu. Sikumfikiria kwa uchungu, nilimfikiria kwa mipango: atasoma shule ipi, atalala upande gani wa kitanda, asubuhi nitampa kikombe kipi. Nilipoanza kushuka kulikuwa na wanawake wanaopeleka mboga sokoni, mizigo kichwani, wakaniona niko mbele peke yangu. Mmoja akapaza sauti, "Kimbia mama, ng'ombe anakusubiri!" Nikakimbia. Nyuma yangu niliwaacha wanaume wengi tu, mmoja wao mtoto wa yule mzee wa "atamfunga wapi".

Mitamba wawili walikuwa wamefungwa kwenye nguzo ya goli la uwanja. Mmoja wa kahawia, mmoja mweusi mwenye baka jeupe kwenye paji la uso. Nilimchagua mweusi kwa macho kabla sijakabidhiwa. Kwanza akaitwa mshindi wa wanaume, kijana kutoka Gare. Mwalimu akampa kamba ya yule wa kahawia mkononi, watu wakapiga makofi. Kisha nikaitwa mimi. Nikaenda mbele, nikasimama karibu na mnyama wangu. Nilisikia joto lake.

Mwalimu akasoma fomu kwenye kipaza sauti. Jina langu. Kijiji chetu. Umri wangu. Akageuza karatasi kwenye mwanga, akasema, "Mpokeaji," akasoma jina la kaka.

Kaka akatoka kwenye umati akiwa na koti lake la kanisani. Hakupora kitu, nataka nimtendee haki. Alisimama mbele yangu kwanza, akanitazama, kama anayeuliza. Nikaitikia kwa kichwa. Ningefanya nini, fomu ilikuwa ya mwandiko wangu na watu wote walikuwa wanatazama. Akapokea kamba. Makofi yakapigwa, makubwa kuliko ya yule kijana, kwa sababu ilikuwa mara ya kwanza zawadi kuwa sawa na watu walifurahi kweli. Mimi nikapewa cheti ndani ya fremu ya plastiki. Mtu akapiga picha: kaka na kamba, ng'ombe katikati, mimi nyuma ya mgongo wa ng'ombe nimeshika fremu. Ilikuwa imezunguka kwenye simu za watu kabla hatujafika nyumbani.

Ganzi ilianzia pale. Nilitegemea kulia, sikulia.

Wakati wa soda nilimfuata kijana wa Gare. Alikuwa bado anaishi kwa baba yake, analala chumba kimoja na wadogo zake, alinieleza mwenyewe. Nikamuuliza kwenye ule mstari wa mwisho aliandika nani.

"Mimi," akasema.

"Na banda?"

"Banda la baba. Lakini mpokeaji niliandika mimi." Akanitazama kwa adabu, akaona labda sijaelewa. "Si mimi ndiye niliyekimbia, dada?"

Kesho yake nilienda kwa mwalimu nikamwambia nilikosea fomu. Alinikaribisha kiti, akanisikiliza mpaka mwisho. "Karatasi ina mwandiko wako," akasema. "Na ng'ombe ameshapokewa mbele ya watu. Nikisema leo si wake, kaka yako ataniona mimi ni mtu wa namna gani?" Alikuwa na huzuni alipokuwa anasema, nadhani. Nilimshukuru nikaondoka.

Kwa kaka nilichukua wiki mbili kufungua mdomo. Nilimkuta anapigilia mbao za banda jipya.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba mdogo wangu."

"Kaka, huyu ng'ombe."

"Ndiyo."

"Nilikuwa nasema, ni wa nani?"

Akatoa msumari mdomoni. Alishangaa kabisa. "Ni wetu sote. Kwani kuna mtu amekukataza maziwa?"

Hakuna aliyenikataza. Nilimshikia ubao akaendelea kupigilia. Mama alikuwa mlangoni anachambua maharage, akaniambia kwa Kishambaa, taratibu, nisilete maneno kwenye nyumba iliyonipokea. Mtamba alipozaa, kaka alijiandikisha kituo cha kukusanyia maziwa. Karatasi ya kujiandikisha niliijaza mimi.

Kabla ya hapo, mwezi ule ule wa mbio, nilikuwa nimeshuka Magoma. Nilibeba peasi kwenye kikapu na cheti kwenye mfuko wa nailoni. Binti yangu alikuwa na miaka tisa, alinisalimia shikamoo kama mgeni, kisha akachukua kikapu. Bibi yake aliniandalia chakula kwanza, wali na mchicha. Tulipomaliza kunawa nikamwambia, "Mama, nimepata ng'ombe."

"Nimesikia," akasema. "Hongera sana." Akamwagiza mtoto alete simu. Picha alikuwa nayo, alishatumiwa na watu. Aliisogeza karibu na macho, akaitazama muda mrefu kuliko nilivyopenda.

"Huyu aliyeshika kamba ni nani?"

"Kaka yangu."

"Anafungwa wapi?"

"Kwa kaka."

"Ukitaka kumuuza kesho, utamuuza?"

Aliiweka simu kwenye mkeka, uso wa simu chini. Hakuwa ananikomoa. Alikuwa na huruma, na huruma yake ilikuwa nzito kuliko ukali. "Basi bado, mwanangu," akasema. "Tuendelee kumwomba Mungu. Mtoto atakuja huko likizo, hilo sikatai."

Nikapanda mlima peke yangu. Cheti nilikisahau kwao, nikasikia baadaye kwamba binti yangu alikitundika ukutani juu ya kitanda chake.

Sikukimbia tena. Si kwa kususa. Asubuhi ya mwaka uliofuata niliamka, nikasikia mbio zinaanza, nikaendelea kumwaga maji kwenye kabichi. Zawadi ni sawa mpaka leo na mwalimu hulitaja hilo kila mwaka kwenye kipaza sauti, kwa haki, maana ni jambo la kujivunia. Mstari wa mwisho wa fomu bado upo. Mshindi wa kike wa mwaka jana alikuja na baba yake. Kaka, kwa fedha ya maziwa, alibadilisha bati la upande wa mama, akamlipia kijana wake mkubwa chuo, na mimi akaninunulia viatu vya mbio, vya kweli, vyenye soli nene. Aliniletea kwenye boksi, anatabasamu. "Urudi uwanjani, mdogo wangu, tupate wa pili." Ninavivaa kukatia matete. Havitelezi kwenye matope.

Desemba iliyopita binti yangu alikuja likizo. Ana miaka kumi na miwili, mrefu, ana miguu yangu. Asubuhi ya pili alinifuata bandani akiwa amejifunika khanga yangu mojawapo ya zile za zawadi, ile ambayo bado ina rangi. Nilikuwa nimeshaanza kukamua. Mwanamke jirani akapita njiani akauliza mama yuko wapi, na mtoto akamjibu kwa sauti nzuri ya adabu, "Yupo huku, anamkamua ng'ombe wa mjomba."

Jirani akaenda zake. Nikaendelea kukamua. Mtoto akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akamtazama ng'ombe, lile baka jeupe.

"Mama, huyu si ndiye wa kwenye picha?"

"Ndiye."

"Ulishinda wewe."

"Ndiyo."

"Sasa kwa nini kamba alishika mjomba?"

Nilifikiria nimwambie habari ya banda, na mkuu wa kaya, na mnyama wa kamba na kuku. Maneno yalikuwepo yote. Nikachagua lililo fupi, kwa sababu lilikuwa kweli. "Kulikuwa na karatasi ya kujaza. Niliandika mjomba wako."

Akarudi kumtazama ng'ombe. Nilidhani ameshaacha. Alikuwa anafikiria, anavuta pindo la khanga, na aliponiuliza hakuwa na kejeli hata chembe, aliuliza kama mtu anayetaka kunisaidia.

"Mama, wakati ule ulikuwa bado hujui kuandika jina lako?"

Maziwa yalikuwa yamefika nusu ya ndoo.

"Nilikuwa najua," nikamwambia.